Naombeni ushauri: Hanang kwenda na kurudi siku moja, kama mazoezi ya Kilimanjaro

Kiti cha Dirishani: Wakuu habari zenu. Desemba 9 napanda Kilimanjaro na wenzangu wa kazini, njia ya Marangu. Mimi kazi yangu ni ya kukaa, kitambi kipo, mazoezi ni kupiga ngazi za ofisini ghorofa sita. Jamaa kaniambia niende mlima Hanang nipande na kushuka siku moja, eti ukiuweza huo Kili ni mteremko tu. Ni kweli? Na nibebe nini?

Mguu Niponye: Mkuu mimi niliupanda mwaka juzi kwa njia ya Jorodom. Tulilala gesti Katesh, mji wa chini ya mlima, saa kumi na moja alfajiri boda zikatutupa chini ya mlima, tumerudi saa moja usiku na tochi. Ile njia haina kona kona za kukuonea huruma, inapanda wima, msitu ukiisha ni jua na majani. Halafu unaona kilele unaanza kushangilia, kijana anayewaongoza anacheka, kumbe sicho, bado kuna mgongo mrefu wa mawe, mwembamba, upepo unakusukuma, sehemu nyingine unashika kwa mikono. Ziwa Balangida unaliona huko chini limekauka kando kando jeupe kama mtu kamwaga unga. Maji beba lita 4, sisi njiani hatukukuta hata tone. Ila kazi ni kushuka bwana! Kidole gumba kinagonga mbele ya kiatu masaa matano, ukucha wangu ulikuwa mweusi wiki nzima ukang'oka. Kata kucha kabla hujaenda.

Pole Kajikwaa: Huyo jamaa yako anakudanganya. Hanang ni mita 3,420, Horombo utakapolala usiku wa pili ni 3,720, yaani kilele chote cha Hanang kiko chini ya kitanda chako. Na Uhuru, kilele cha Kili, ni 5,895. Hanang itakupa miguu, hewa haikupi, mwili unazoea hewa nyepesi kwa kulala huko juu sio kwa kugusa na kukimbia. Hela ya ziada kama unayo ongeza siku moja ya kukaa Horombo. Tulikuwa na kijana wa jimu, siku ya kwanza kafika Mandara, kambi ya kwanza, kabla yetu akatusubiri kwa mbwembwe, Kibo Hut, kambi ya mwisho, katapika hadi chai, akarudishwa.

Mama Karanga: Mimi ni wa hapa hapa Katesh. Usisubiri Novemba iishe, mvua zikianza ule udongo ni sabuni, na tarehe 3 Desemba 2023 tope lilivyotushukia wote mliona. Njoo kabla. Pitia kwa watu wa TFS, wale wakala wa misitu, upate kibali na mtu wa kukuongoza, usifuate vijana wa ng'ombe, wao wanapanda kama mbuzi watakuacha.

Kiti cha Dirishani: Asanteni sana. Basi nakuja katikati ya Oktoba. Raba za kawaida zinatosha au?

Mguu Niponye: Acha raba. Vaa buti zile zile utakazopanda nazo Kili, kama zinabana ujue ukiwa Katesh sio Horombo. Na soksi pea mbili.

Mama Karanga: Ukishuka supu ipo, ukiweza kukaa kwenye kiti.