Hivi nyie rafiki zenu mnaonana lini, ukitoa msibani?

Mzawa wa Magomeni:
Wadau habari za jioni. Nina swali, naona kama la kijinga lakini limenikaa kichwani tangu juzi Jumamosi.

Juzi tulikuwa tunamzika mama wa mshikaji wetu mmoja wa zamani. Sasa tumesimama pale kwenye kivuli tunasubiri gari la maiti nikajikuta nahesabu, tupo sita, walewale wa kijiweni Magomeni, hakuna aliyepungua. Nikajiuliza mara ya mwisho sisi sita kusimama sehemu moja ilikuwa lini? Msiba wa mzee wangu. Miaka mitatu na ushee! Na tulivyoagana siku ile tulisema "jamani tusiwe tunakutana kwenye misiba tu", na juzi tumesema hivyohivyo, maneno yaleyale, mpaka nikaona aibu.

Na hatujagombana wala nini. Ni viwanja tu. Mmoja kajenga Chanika, mmoja Bunju, mmoja yupo Kibaha huko anatuambia "mimi siyo mtu wa Dar tena", mmoja Goba, mimi nipo Kibada Kigamboni, na mmoja kabaki Magomeni kwenye nyumba ya urithi anagombana na dada zake. Ukipata kazi unakopa, ukikopa unanunua kiwanja pale hela yako inapofika, hakuna mtu anayeuliza rafiki yangu kanunua wapi. Saa kumi na moja alfajiri nipo barabarani, narudi saa tatu usiku, Jumapili nasimamia fundi maana hii nyumba haijawahi kuisha, kila mwezi ina jambo.

Zamani hatukuwa tunapanga. Unatoka nje na kandambili mtu yupo. Baba yake huyu wa Bunju alikuwa shabiki damu wa bendi ya Sikinde, mzee wangu wa bendi ya Msondo, na nyumba zilikuwa zinatazamana, basi Jumapili ikifika mchana kila mmoja anatoa redio kaseti yake dirishani, huyu akiongeza sauti na yule anaongeza, mama zetu wanapiga kelele jikoni. Sisi watoto tukarithi ule ugomvi bila hata kujua wanagombania nini, tumetukanana kwa ajili ya Sikinde na Msondo kama watu wa Simba na Yanga.

Siku hizi nikiwa kwenye pantoni jioni naweka hedifoni, na unajua nasikiliza nini? Sikinde. Ile ileile niliyokuwa naiponda. Nimesimama katikati ya watu mia kadhaa na baiskeli na matenga ya samaki, nacheka peke yangu kwenye kipande ambacho jamaa alikuwa anakiimba vibaya, na hakuna wa kumwambia.

Kwahiyo swali langu, nyie mnafanyaje? Msiniambie grupu la whatsapp. Grupu tunalo, linaamka kukiwa na mchango.

Tajiri Mtarajiwa:
Tafuta hela mkuu. Mwanaume mwenye hela hana muda wa kuhesabu marafiki makaburini.

Mzawa wa Magomeni:
Sawa bosi, nazitafuta, ndo maana nipo Kibada.

Konda Mstaafu:
Mkuu hapo kwenye hedifoni umenigusa. Nimepiga ukonda miaka tisa, Mbagala, halafu Gongo la Mboto, halafu Tegeta, nakwambia gari likiwa na mziki watu wanakuwa kitu kimoja hata kama hawajuani. Asubuhi sana tulikuwa tunaweka redio au gospo, Ijumaa kaswida, mchana bongo fleva kidogo kidogo kwasababu abiria wa mchana ni wamama na wanafunzi, jioni saa kumi na mbili hapo dereva anachomeka flashi ya singeli, gari limejaa mpaka mlango haufungi, watu wamechoka balaa lakini utaona bega la mtu linacheza lenyewe. Mama mmoja anasema "we konda punguza hilo likelele", mwingine kule nyuma anajibu "ongeza", basi stori imeanza, wanashuka wanaitana shemeji.

Miaka yangu ya mwisho mwisho naona kila mtu ana waya masikioni. Nagonga bati, nauliza nauli, hasikii, mpaka nimguse bega, na ukimgusa anakuangalia kama umemuibia. Dereva wangu akawa anazima mziki kabisa, anasema anampigia nani sasa.

Jibu la swali lako sina. Mimi marafiki zangu ni walewale wa kituoni na wao wamehamia kwenye boda, tunapigiana honi tu.

Mama wa Jumamosi:
Kaka zangu poleni lakini mnachekesha. Yaani mnasubiri kuonana kutokee tu kama mvua?

Sisi wanawake tungeshapotezana siku nyingi. Mimi nina kikoba, tupo kumi na nane, kila Jumamosi saa tisa, nyumba kwa nyumba, na kuna katiba. Ukichelewa elfu mbili. Usipokuja bila taarifa elfu tano. Simu ikiita kwenye kikao elfu moja, hapohapo, hakuna cha samahani. Watu wakisikia wanadhani ni habari ya hisa na mkopo, ni kweli hela ipo na imenisomeshea mtoto, ila ukweli wenyewe ukishamaliza kuhesabu hela dakika arobaini, yanayobaki masaa matatu ni umbea, chai na vitumbua, na mtu kulia akitaka kulia. Mwenzetu alihamia Mlandizi kabisa, anakuja! Kwasababu ya faini? Elfu tano siyo kitu, nauli yenyewe inakaribia hapo. Anakuja kwasababu faini inampa sababu ya kumwambia mumewe "lazima niende".

Ndo mnachokosa nyie. Mwanaume hawezi kuaga nyumbani "naenda kumuona fulani nimemmisi", anaona haya. Mpaka kuwe na mechi, msiba au kikao cha harusi. Sasa tungeni uongo wenu mmoja wa kudumu.

Yakhe wa Mji Mkongwe:
Asalaam aleikum. Huku kwetu Unguja tuna baraza, mtu akitaka kuonekana anakwenda kukaa barazani tu, hana haja ya kupiga simu. Mimi nikitoka kazini napita Jaws Corner, kahawa, dhumna, siasa, mwengine anatukana serikali mwengine anaisifu, magharibi ikiadhiniwa tunasambaa. Lakini na mimi nisikudanganye yakhe, wengi wa rika langu hawakai tena mjini, wamehamia ng'ambo huko Fuoni na Tunguu kwa sababu hiyo hiyo ya viwanja, na waliobaki barazani ni wazee na sisi wachache tusio na pa kwenda. Nadhani kitu kimoja tu kinatusaidia, kisiwa ni kidogo. Ukimkimbia mtu leo kesho utakutana nae sokoni Darajani.

Huyo dada wa kikoba kasema kweli tupu.

Fundi Redio:
Naomba nitoke nje ya mada kidogo, mtanisamehe. Mtoa mada, unajua yule mwimbaji Gurumo alitoka kwenye hiyo hiyo bendi ya Msondo, wakati ule ikiitwa Juwata, 1978 akaenda kuianzisha Mlimani Park yaani Sikinde na wenzake, na baadae akarudi Msondo mpaka uzeeni? Kwahiyo mzee wako na jirani yake walikuwa wanarushiana sauti ya mtu mmoja dirisha kwa dirisha. Halafu hiyo Msondo ilianza 1964 ikiwa Nuta Jazz, ni bendi ya chama cha wafanyakazi, wanamuziki walikuwa wameajiriwa na mishahara kabisa. Leo kijana wa singeli anarekodi chumbani na anajilipa mwenyewe kama akilipwa.

Haya endeleeni.

Tajiri Mtarajiwa:
@Mama wa Jumamosi hicho kikoba wanaume mnapokea?

Mama wa Jumamosi:
Hatupokei. Tafuta hela.

Mzawa wa Magomeni:
Nimecheka mpaka mke wangu kaniuliza nachati na nani 😂

Wadau ngoja niwape mrejesho. @Fundi Redio hiyo ya Gurumo sikuiwazia hivyo, nikaona hii ndo sababu, nikampigia huyu wa Bunju hapohapo, saa nne kasoro usiku, nataka nimwambie tu baba zetu walikuwa wanagombania mtu mmoja. Akapokea kabla haijaita mara ya pili, hakusema haloo, kasema "nani kafariki?"

Nikakaa kimya kama sekunde tano hivi. Nikamwambia hamna aliyefariki. Akasema "hamna? sasa kuna mchango wa nini?" Nikamwambia hamna mchango. Na yeye akanyamaza, halafu akaanza kucheka, akacheka weee mpaka akakohoa, na nilivyomwambia habari ya Gurumo akasema uongo, Sikinde ilikuwa imekamilika bila yule mzee, basi tukagombana dakika hamsini. Bando la dakika likaisha yeye akanipigia.

Tumekubaliana Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, Magomeni, kwa huyu wa nyumba ya urithi, tumempa kazi ya kuweka jiko na sisi tunakuja na nyama. Faini elfu kumi, asante dada yangu wa kikoba. Wa Kibaha kashaanza kulalamika eti ni mbali.

Sasa swali la pili, maana ndo wiki hii. Kutoka Kibada Jumapili mchana na jiko la pili na spika kwenye bajaji, nipite darajani au pantoni?

Konda Mstaafu:
Darajani mkuu. Jumapili pantoni foleni ya watu wa bichi utafika nyama imeisha. Na hedifoni ziache nyumbani.