MREJESHO: Kabati limejaa, cha kuvaa sina

Wapendwa, mwezi uliopita niliuliza kwa nini kabati limejaa na bado kila asubuhi nakosa nguo ya kazini. Mmoja wenu akanishauri nigeuze henga zote, kulabu zitazame nje, na nguo nikishaivaa niirudishe kawaida. Wiki nne zimeisha: kati ya nguo 43 nimevaa 11 tu! Karibu zote bluu iliyokolea au kahawia, wala sikujua ndizo rangi zangu. Blauzi za maua za mtumba wa soko la Karume, Dar, nilizobeba kwa sababu zilikuwa bei chee, hazijaguswa. Moja bado ina pini ya muuzaji. Magauni mawili ya kitenge yako kwa fundi, anayabana kiunoni. Ila sare sita za harusi za watu, jamani, nizifanyeje?