KCSE pointi 82, wanataka vyuo vya Marekani vyenye ushindani mkali: shule ifanye nini?

Mwl_Taaluma:
Hamjambo wanajukwaa. Shule yetu ina watahiniwa wawili wa mwaka jana waliopata A kwenye KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya: mmoja pointi 83, mwingine 82 kati ya 84. Wanataka kuomba vyuo vikubwa vya Marekani, na bila ufadhili kamili hawaendi popote. Makataa ya kwanza ni Novemba 1. Kila mtu anasema insha ndiyo inayoamua, lakini mimi hata sijui shule inatakiwa kutuma nini. Halafu KUCCPS, shirika la kupanga wanafunzi vyuoni, imeshawapa nafasi hapa nyumbani, na wazazi wanataka waripoti kwanza. Tuanzie wapi?

Kalamu Nyekundu:
Mwalimu, insha iache kwanza. Watoto wetu wengi wanaangushwa na karatasi za shule. Common App, fomu moja ya mtandaoni ya kuomba vyuo vingi vya Marekani, hufunguliwa Agosti 1, na kwa upande wenu inadai fomu ya ripoti ya shule, barua ya mshauri, ripoti za masomo na maelezo ya shule. Hayo maelezo ya shule ndiyo yanayopuuzwa, nami nayaona kuwa karatasi ya thamani kuliko zote. Ukurasa mmoja unatosha. Eleza wanafunzi huingiaje, darasa la mwaka ule lilikuwa na watahiniwa wangapi, wangapi walipata A, A- na B+, A ni pointi 12, na jumla ni masomo saba. Taja wazi kwamba kozi za AP, yaani zile za kiwango cha chuo zinazofundishwa sekondari za Marekani, hazifundishwi kwenu, asije msomaji akadhani mtoto alizikwepa.

Sasa zile ripoti za muhula, 12 kwa jumla. Shule zetu husahihisha kwa ukali, kwa hiyo utakuta mtoto wa A ya KCSE alikuwa na C+ ya fizikia muhula wa pili, Kidato cha Pili. Usiiguse hiyo gredi! Ikigundulika imepakwa rangi, hata watakaoomba kutoka shule hiyo miaka ijayo watatiliwa shaka. Andika nafasi aliyoshika kando ya gredi: C+, wa 6 kati ya 214. Hapo msomaji anaelewa mara moja kwamba mtihani ulikuwa mgumu.

Barua za walimu wawili wa masomo nazo zisiwe zile za "ni mtiifu na mwenye bidii". Mwalimu wa kemia aandike swali gani mtoto aliuliza, jaribio gani alirudia na kwa nini. Kiungo cha kutuma barua hufika kwa baruapepe, kwa hiyo hakikisha anwani ya mwalimu inafunguliwa kila wiki.

Nyota ya Kaskazini:
Kuhusu KUCCPS, hapo pana mtego. Mwanafunzi akisharipoti na kuanza masomo ya shahada, vyuo vingine vya Marekani humhesabu kuwa mwanafunzi wa kuhamia, si wa mwaka wa kwanza. Ufadhili kwa wageni wanaohamia ni haba mno, na baadhi ya vyuo havitoi kabisa. Mstari haufanani: kimoja hutazama mwaka mzima uliokamilika, kingine hutazama kujisajili tu. Watoto waandikie kila chuo walichokichagua wapate jibu kwa maandishi, na wakati huohuo waombe chuo cha hapa kiahirishe nafasi yao. Wazazi watakubali wakiona barua ya kuahirishiwa, maana nafasi haijapotea.

Harvard, Yale, Princeton, MIT, Amherst, Dartmouth na Bowdoin havitazami uwezo wa kulipa vinapochagua wanafunzi, hata kwa mgeni, na humfidia mahitaji yote aliyethibitisha. Lakini msijaze orodha kwa hivyo saba pekee. Kila mwombaji maskini duniani anavijua.

Hesabu Tupu:
SAT, mtihani wa kuingilia vyuo vya Marekani: wafanye Agosti, Oktoba iwe ya akiba. MIT huidai tena tangu ilipotangaza hivyo 2022. Ni ya kompyuta sasa, saa 2 na dakika 14, kwa programu ya Bluebook ambayo haikubali simu. Sehemu ya kusoma ina moduli mbili za maswali 27 kwa dakika 32, hesabu mbili za 22 kwa dakika 35. Ukifanya vibaya moduli ya kwanza, ya pili inakuja rahisi na dari ya alama inashuka, kwa hiyo haraka ya mwanzoni ni ghali. Wetu hupoteza alama kwenye kusoma, si hesabu. Kwenye hesabu wazoeshwe tu kikokotoo cha Desmos kilichomo ndani, kwa sababu kuchora grafu kwa mashine si jambo la KCSE. Jina la usajili lilingane na pasipoti, herufi kwa herufi.

Kwenye sehemu ya shughuli ya Common App, nafasi ni 10, kila maelezo herufi 150. Kazi za nyumbani zinahesabika. "Nasaidia wazazi" haisemi kitu. "Hukamua ng'ombe 2 alfajiri, hupeleka maziwa kituoni, huweka daftari la mauzo" inasema. Kosa la kawaida: mtoto wa bweni anaandika saa 12 kwa wiki, wiki 52 kwa mwaka. Ng'ombe alimkamulia bwenini? Aweke wiki za likizo tu.

Mwl_Taaluma:
Asanteni sana. Na fomu ya fedha? Mmoja wazazi wake ni wakulima, hawana hati za mshahara.

Nyota ya Kaskazini:
CSS Profile, fomu ya mtandaoni ya hali ya fedha ya familia inayodaiwa na vyuo vingi, hufunguliwa Oktoba 1. Ukichagua shilingi ya Kenya, jaza shilingi kila mahali. Wapo wanaobadili kwa dola vichwani, wakaandika 1,500, na familia ikaonekana inaishi kwa shilingi 1,500 kwa mwaka. Chuo hurudisha maswali, na wiki zinapotea.

Kwa mkulima, andikeni barua ya mapato: ekari ngapi, magunia mangapi yaliuzwa na kwa bei gani, mangapi yaliliwa nyumbani, karo ililipwa na nani. Kama mjomba au basari ililipa, semeni, la sivyo hesabu haitakubaliana na karo ya bweni iliyo kwenye maelezo ya shule. Ada ya fomu ikiwashinda, iandikieni ofisi ya ufadhili ya chuo mapema Septemba. Baadhi hutoa namba ya kusamehewa au fomu yao wenyewe ya bure.