Ushauri: kuna bakteria wa kuzuia meno kutoboka, niagize au niache?

Segerea_Mwisho: Wakuu, habari za usiku. Nimesoma kwamba anayetoboa meno ni bakteria anaitwa Streptococcus mutans. Anakula sukari, anatoa tindikali. Sasa Marekani wamemtengeneza ndugu yake maabara: unapaka mara moja, anamfukuza yule mbaya na kukaa yeye. Shemeji yuko huko, anarudi karibuni. Bei si ya kitoto. Niagize?

Mama Nasra: Jino bovu dawa yake koleo. Langu nililibembeleza kwa karafuu na maji ya chumvi mpaka shavu likawa kama andazi. Siku nimeling'oa nililala mpaka adhuhuri, mume akadhani nimezimia.

Babu Kivule: Sisi mswaki wa mti na mkaa. Nyinyi soda asubuhi, soda jioni, halafu mnamsingizia bakteria.

Fizi Salama: Nipo kwenye fani. Huyo anaitwa BCS3-L1, kazi ya Jeffrey Hillman wa Florida. Anatoa mutasini 1140, sumu ya bakteria inayoua mutans wenzake, na badala ya tindikali anatoa alkoholi kidogo sana. Mamlaka ya dawa ya Marekani haijamwidhinisha kama dawa. Kuna pia C16G2 ya kina Wenyuan Shi, Los Angeles, hiyo si bakteria bali peptidi, yaani kiprotini kifupi: kipande kimoja kinamtambua mutans, kingine kinamtoboa ngozi. Kimejaribiwa kwa watu, dukani hakijafika. Wazo ni zuri, maana sukutuo la klorheksidini linafyeka wazuri na wabaya, na ukilizoea meno yanageuka kahawia. Ila meno ni ya nani?

Segerea_Mwisho: Ya mtu wa nyumbani tu.

Fizi Salama: Umri?

Segerea_Mwisho: Miaka miwili na nusu. Ya mbele juu yameliwa mpaka kwenye fizi. Na hela shemeji nimeshamtumia, kwa hiyo msinikatishe tamaa.

Mama Nasra: Mtoto?! Analala na chupa?

Segerea_Mwisho: Ya juisi, ndiyo. Nikimnyima analia mpaka wapangaji wenzangu wanagonga ukuta. Mnaongea kirahisi kwa sababu kwenu kuna geti.

Kisiki: Hii chai, na imezidi sukari. Juzi kwenye uzi wa wachumba uliandika huna mtoto, unatafuta mke mcha Mungu. Kesho utaleta namba ya lipa, "dozi zimebaki mbili".

Segerea_Mwisho: Ni wa dada yangu, anafanya kazi usiku. Siuzi kitu.

Babu Kivule: Kisiki, nyuzi za wachumba wewe unazifuata nini?

Kisiki: Utafiti, babu.

Fizi Salama: Awe wa dada, awe wa kutungwa, jibu ni lilelile. Usimpake mtoto kitu ambacho hakijaidhinishwa. Na hata mutans akiondoka, wapo wengine wanaotoa tindikali; pH, yaani kipimo cha tindikali, ikishuka chini ya 5.5 (ikishuka ndiyo tindikali imezidi) enameli, ganda gumu la jino, inayeyuka, na juisi ya usiku kucha inaishusha huku mate yamepungua. Chupa itiwe maji matupu. Punguza juisi kidogo kidogo ukishindwa kuikata ghafla. Mswaki asubuhi na usiku, dawa ya meno yenye floridi, ukubwa wa punje ya mchele. Halafu apelekwe akaangaliwe. Waulize kuhusu floridi ya daiamini ya fedha, asilimia 38: inapakwa bila kuchimba, inaua bakteria palepale kwenye tundu. WHO waliiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2021. Ila pale palipooza, yaani tundu lililoacha kuendelea, panakuwa peusi.

Segerea_Mwisho: Peusi? Mbele? Desemba anasimamia harusi, gauni limeshashonwa!

Mama Nasra: Kwa hiyo bibi harusi ndiye mgonjwa?

Segerea_Mwisho: Sawa, maji nitaanza leo. Ila shemeji hapokei simu. Hela yangu inarudi vipi?

Kisiki: Hilo peleka jukwaa la sheria.