TV ya LED inchi 43: sauti ipo, kioo cheusi. Nitupe?

mbagala_rangi3
Wakuu habari za jioni. TV inawaka, sauti safi, chaneli zinahama kwa rimoti, ila kioo ni cheusi tii. Kabla ya hapo kilikuwa kinamulika sekunde mbili kisha kinazima, sauti inaendelea. Fundi wa mtaani kasema kioo kimekufa. Kuna njia ya kuhakikisha?

FundiMita
Usitupe mkuu. Sauti ikiwepo na chaneli zikihama, meni bodi (bodi kuu ya TV) inafanya kazi. Zima taa za chumbani, washa TV, fungua menyu, halafu ilaze tochi ya simu kwa mshazari karibu kabisa na kioo, usogeze taratibu. Ukiona maandishi ya menyu kwa mbali, kioo ni kizima, kilichokufa ni taa za nyuma.

Hiyo ya kumulika na kuzima ndiyo dalili yenyewe. Balbu za LED zimeungwa mfululizo, kwa hiyo moja ikikata, ulinzi wa saketi unazima zote.

mbagala_rangi3
Maandishi yanaonekana, hafifu sana. Sasa?

kkoo_spea
Kwanza chomoa plagi. Kapasita kubwa (kifaa kinachotunza chaji) kwenye pawa saplai, yaani bodi ya umeme, hubaki na zaidi ya 300V, ipime kwa mita mpaka ishuke chini ya 10V ndipo uguse bodi. Chomoa soketi ya taa, weka testa ya LED kwenye waya zake mbili. Zisipowaka, fungua kioo.

Na hapa ndipo TV nyingi zinapofia mikononi mwa mafundi. Zile tepe nyembamba za pembeni ya kioo zikichanika hata moja, kioo ndiyo basi. Inueni watu wawili, kikae bapa juu ya godoro.

Usibadilishe balbu moja. Zilizobaki zina umri uleule na zitafuata, tena mwanga hautalingana. Nunua seti nzima. Ukienda Kariakoo beba mstari wa balbu wa zamani wenyewe, maana modeli moja ya TV inaweza kuja na taa tofauti. Linganisha namba iliyochapwa, idadi ya balbu, matundu ya skrubu, na kama balbu ni ya 3V au 6V. Ukichanganya hapo umerudi mwanzo.

shemeji_kigamboni
Naomba kudandia. Yangu taa zipo, ila nusu ya kulia ina ukungu na mistari ya wima.

FundiMita
Hiyo ni habari nyingine shemeji. Ukiwa karibu na bahari, anza na utepe unaoingia kwenye bodi ya tikoni (bodi ndogo inayopeleka picha kwenye kioo): chomoa utepe huo TV ikiwa imezimwa na plagi imetolewa, angalia kama pini zimeota kutu ya kijani, safisha kwa spiriti, rudisha. Tikoni inatakiwa kupokea 12V. Ikiwa ipo upande mmoja tu wa fyuzi, fyuzi imekata, na mara nyingi kuna shoti mbele yake, usiiruke kwa waya. Mistari ikibadilika ukibonyeza ukingo wa kioo, ni tepe zimeachia kwenye kioo chenyewe. Hapo ningenunua TV nyingine.

kkoo_spea
mbagala_rangi3, ukishafunga taa mpya shusha mwanga wa nyuma kwenye menyu hadi 60 hivi. Joto ndilo linaloua balbu. TV gadi inasaidia pawa saplai umeme ukiyumba, taa haiziongezei umri.