Naomba ushauri: siku nne Bangkok mwezi Aprili na mke asiyestahimili joto

Muuza_Vigae (mwanzisha mada)

Ndugu wanajukwaa, salaam. Mimi na mke wangu tunaendesha duka la vigae na vifaa vya ujenzi mjini Njombe, na mwaka huu tunakwenda Guangzhou kwa mara ya kwanza kwenye maonyesho ya biashara yanayofunguliwa tarehe 15 Aprili. Kwa kuwa ndege yetu inapitia Bangkok, tumeamua kushuka huko tarehe 11 asubuhi na kuondoka tarehe 14 usiku, ili tupate mapumziko ambayo, nikisema kweli, hatujayapata tangu tufunge ndoa miaka 26 iliyopita.

Tatizo ni joto. Sisi ni watu wa baridi, na mke wangu hata Dar es Salaam ya mwezi Januari humlaza kando ya feni siku nzima ya kwanza. Pia anatumia vidonge vya presha vya aina ile inayoongeza mkojo. Nimepanga kwamba siku ya kwanza tuone Jumba la Kifalme, hekalu la Wat Pho na lile la Wat Arun, siku ya pili twende Ayutthaya, mji wa kale wenye magofu, na siku zinazobaki tuzunguke masoko na mifereji. Mama watoto ameisoma ratiba hiyo akaniuliza kama tunakwenda kutalii au kukimbiza Mwenge. Naomba mnieleze kama mpango huu unawezekana, tulale sehemu gani ya mji, na kama kweli niifute Ayutthaya, ambayo nina hamu nayo kuliko yote.

Binti_Pangani

Kaka, nilisoma Bangkok kwa miaka miwili, na Aprili ndio mwezi wa joto kali kuliko yote pale. Kipimajoto hupanda kwa urahisi kupita nyuzi 35, na unyevunyevu huzuia jasho kukauka mwilini, hivyo mtu huhisi joto zaidi ya lile linalotangazwa. Wenyeji hawapambani nalo, bali huligawa: hutoka mapema asubuhi, hujificha kuanzia saa tano hadi saa kumi, kisha hutoka tena jioni. Nanyi fanyeni hivyo, na saa za katikati mzimalizie hotelini au katika maduka makubwa ya eneo la Siam, ambako kiyoyozi ni kikali kiasi cha kumkumbusha wifi yangu Njombe.

Kuhusu malazi, tafuteni hoteli karibu na kituo cha Saphan Taksin, kwa sababu pale treni ya juu ya nguzo inakutana na gati la boti za Mto Chao Phraya. Boti yenye bendera ya rangi ya chungwa itawafikisha karibu na Jumba la Kifalme na Wat Pho kwa nauli ndogo sana, huku upepo wa mto ukiwapunga, ilhali teksi ingewakalisha kwenye foleni. Jumba hufunguliwa saa mbili na nusu asubuhi na kiingilio kwa mgeni ni baht 500, yaani fedha ya Thailand. Muwe mlangoni saa hiyo, kwa kuwa ua wake hauna kivuli cha maana. Wifi avae blauzi yenye mikono na sketi inayopita magoti. Asitegemee mtandio, maana walinzi huweza kumrudisha mtu aliyejitanda tu juu ya mabega yaliyo wazi.

Wat Pho iko hatua chache upande wa kusini, na sanamu ya Budha aliyelala, yenye urefu wa mita 46, imo ndani ya jengo. Ndani ya eneo la hekalu hilo kuna wakandaji wa jadi, nami ningemlaza wifi pale saa nzima kabla ya kufikiria kitu kingine.

Nesi_wa_Zamu

Naomba nizungumzie hivyo vidonge. Dawa inayotoa maji mwilini, ikiongezwa na jasho la siku nzima, inaweza kumshusha mtu presha ghafla akadondoka. Shemeji amwone daktari wake kabla ya safari na amweleze anakokwenda, lakini asipunguze wala kuacha dozi kwa uamuzi wake mwenyewe. Beba pakiti za chumvichumvi za kuchanganya na maji. Akipata kizunguzungu, kichwa kikiuma au misuli ikibana, mpeleke kwenye ubaridi, mlegeze nguo na mmwagie maji. Akianza kuchanganyikiwa au kuzimia, hiyo ni dharura, na namba ya kuita gari la wagonjwa nchini Thailand ni 1669. Msisahau pia kadi ya chanjo ya homa ya manjano, kwa sababu Thailand huidai kwa wasafiri wanaotoka kwetu, na hukaguliwa kabla ya kufika kwa afisa uhamiaji.

Mzee_wa_Reli

Nashangaa hakuna aliyezitazama hizo tarehe. Tarehe 13 hadi 15 Aprili ni Songkran, mwaka mpya wa jadi wa Wathai. Asili yake ni kuzimwagia maji sanamu za Budha na kuwanawisha wazee mikono kwa heshima, lakini siku hizi barabara za Silom na Khao San hujaa watu wenye bunduki za maji, nao hawamwachi mpita njia akiwa mkavu, awe na suti au mkoba wa pasi za kusafiria. Simu na karatasi zenu zitieni kwenye mifuko isiyopitisha maji.

Ndugu yangu, Ayutthaya naipenda: ulikuwa mji mkuu kuanzia 1351 hadi Waburma walipouteketeza mwaka 1767, na magofu yake yanastahili safari. Hata hivyo yako wazi juani, umbali wa kilomita 80 hivi, na siku za kuelekea Songkran treni zinafurika watu wanaorudi makwao mikoani. Ungekuwa peke yako ningekwambia udamke ukapande treni ya alfajiri. Kwa hali ya shemeji, hapana.

Kijana_wa_Arusha

Mtu nadhifu akikusimamisha nje ya Jumba na kukwambia kuwa leo limefungwa, kisha akakuitia bajaji ya bei ya kutupa, usipande. Mimi nilipanda. Nilishushwa kwenye duka la vito, nikakaa nusu saa nikibembelezwa kununua tanzanaiti, mimi niliyekulia karibu na Mererani.

Binti_Pangani

Nimekumbuka jambo linalowahusu ninyi hasa. Mnara wa Wat Arun, ng'ambo ya mto, umepambwa kutoka chini hadi juu kwa vipande vya vyombo vya kauri vya Kichina vilivyopangwa kuwa maua. Jina lake ni Hekalu la Alfajiri, ingawa kwa picha mimi napenda kuutazama kutoka upande wa pili jua linapozama. Asubuhi moja pia nendeni bustani ya Lumphini saa kumi na mbili, mkawaone kenge wakubwa wakitambaa kando ya bwawa bila kumjali mtu.

Muuza_Vigae

Nawashukuru wote. Nimemsomea mke wangu majibu yenu jana baada ya kufunga duka. Ayutthaya imefutwa, kwa uchungu. Tarehe 11 tutalala tu na jioni kupanda boti, na tarehe 13 tutalowa kwa hiari yetu karibu na hoteli. Nilikuwa nimeweka Jumba la Kifalme asubuhi ya tarehe 12, lakini yeye amelisogeza hadi tarehe 14. Anataka asubuhi ile tulivu iwe ya Wat Arun, afike karibu kabisa na ukuta, kwa sababu haamini kwamba vipande vya sahani vinaweza kushika kwenye mnara miaka yote hiyo wakati wateja wetu wanarudisha vigae vilivyobanduka ndani ya miezi sita.