Naomba ushauri: Hilux Vigo imekaa nyuma baada ya njia ya Natron

Habari zenu wakuu. Nina Hilux Vigo ya 2012, dabo kabini, injini ya dizeli 2KD ya lita 2.5. Napeleka dawa za mifugo na mapipa ya maji kutoka Mto wa Mbu hadi Engaresero, kando ya Ziwa Natron, wakati mwingine napanda mpaka Loliondo. Anayeijua njia ile anajua mawe yake, na makorongo ndiyo yanayoua gari hasa.

Sasa nyuma imekaa, yaani imeshuka. Nikipakia kama kilo 600, ekseli inagonga chesisi kila shimo. Ile raba ya kuizuia imepasuka kabisa. Shokapu za nyuma zinavuja, mafuta yameganda na vumbi.

Nimebadilisha bushi, fundi akaongeza bamba moja la springi. Mzigo inabeba, lakini ikiwa tupu inarukaruka mpaka naogopa kona zenye kokoto.

Naombeni mnisaidie: ninunue seti kamili ya springi na shokapu za kazi nzito, au nitoe bamba nibadili shokapu tu? Pia, fundi anataka kuinua mbele inchi 2. Joint za draivu shafti za mbele zitahimili mkunjo utakaoongezeka gari likiinuliwa, kwa barabara hii? Bajeti yangu haizidi milioni 3, na gari ndiyo kazi yangu.